Sindano ya Sikudhani

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, mkononi nina sindano yangu ya viatu, uzi haujui pa kuingilia. Mimi fundi viatu. Uzi alikuwa akinitungia mke wangu, Sikudhani, kila asubuhi, na mwisho wake anapiga mafundo mawili. Tangu tumzike, kazi imelala.

Kwenye kiti cha daktari limekaa koti jeupe, linapiga miayo.

“Mheshimiwa yuko semina,” linasema.

Sishangai. Hata siku ile Sikudhani alipozidiwa, madaktari walikuwa semina.

Basi lenzi, zile za kuvaa ndani ya jicho, zinatoka kabatini zenyewe na kupanga foleni. Hazisukumani. Sijapata kuona adabu kama ile.

Ya mbele ni laini, imelowa kama utando wa yai.

“Shikamoo, fundi. Mimi ni wa siku moja. Jua likizama, nitupe.”

“Nikikuongezea siku?”

“Nitakuumiza. Muda wangu ukiisha, natoka.”

Laiti wakubwa wetu wangeisikia!

Ya pili ni ya mwezi mzima, ila kila jioni lazima ioshwe. Nachota maji mtungini niisaidie.

“Maji hapana!” inafoka. “Nina dawa yangu!”

Tone limeshadondoka. Kliniki inageuka uwanja wa nyumbani kwangu. Foleni haijapinda.

Ya tatu ina uzito kidogo upande wa chini, isizunguke. Ni ya jicho ambalo uduara wake umekwenda upande. Naigeuza, inarudi yenyewe. Kama kisigino kilichopigwa na fundi hasa!

Ya mwisho ni ndogo, ngumu.

“Jicho lako limechongoka, Mbaruku. Hawa laini watapinda nalo. Mimi sipindi. Mwanzoni nitakukera kama kiatu kipya, lakini hewa inapita, jicho linapumua. Nawa mikono kwanza, una gundi!”

Nanawa. Inaingia. Chozi moja, kisha naliona tundu la sindano, pana kama mlango, na Sikudhani amekaa kizingitini.

“We Mbaruku, bado unawalalamikia tu?”

“Walikuacha kwenye benchi mpaka jioni, mama.”

“Walikosa, najua. Nilikuwepo. Sasa viatu vya watu je? Tunga, mimi nafunga.”

Natunga. Mara ya kwanza tu, unapita! Sikudhani anacheka, anavuta uzi kwake.

“Fundi,” lenzi inanong’ona, “sheria yangu usiivunje. Usilale nikiwa jichoni.”

“Lakini mimi nimelala.”

“Basi amka!”

Nikaamka. Jua limeshapanda, macho yangu ukungu uleule. Sindano ilikuwa imechomwa kwenye ndara niliyoiacha wiki nzima bila kuishona. Nikaipapasa. Ina uzi.

Nikaufuata uzi kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho. Fundo. Nikasogeza kidole kidogo.

Na la pili.