Fundo la Masjala

Kitabu changu kilikuwa karibu kwenda kuchapwa, na mimi, mbishi wa kuzaliwa, jibu nilikuwa nalo: wale makarani wawili wa kike walionyongwa miaka arobaini iliyopita waliuawa na fundi viatu wa mtaani. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Ila walinyongwa kwa uzi wa viatu, na maneno ya watu yakammaliza yule fundi kabla ya maradhi. Binti yake aliniomba kitu kimoja: "Kaka, kabla hujamwandika baba yangu, kauone huo uzi."

Nikaenda, ili tu nimnyamazishe.

Mtunza vielelezo wa polisi alinifungulia bahasha asubuhi. Nilipoliona fundo, nililitambua. Mizunguko miwili, ncha imepitishwa chini, ukivuta mara moja linaachia. Ndivyo baba, mkuu wa masjala mstaafu, alivyonifundisha kufunga majalada. Na wale marehemu walikuwa makarani wake.

Nikatafuta pa kutokea. Labda uzi ulifungwa upya na mtu wa masjala wakati wa kuhifadhi? Nikaomba picha zilizopigwa siku ile ya mauaji. Fundo lilelile, shingoni. Nilifuta jina la fundi kwenye muswada.

Nyumbani nilimkuta baba sebuleni. Mama alikuwa jikoni, anakata vitunguu. Niliogopa, sifichi: nilimwogopa baba yangu mzazi, mzee anayeita watu waje kumuulia mende. Nikachukua kamba, nikalifunga fundo mbele yake.

"Baba, hili ulilitoa wapi?"

Alilitazama. "Majalada yalikuwa yananimwagikia kila siku. Mama yako ndiye aliyenionea huruma, akanifundisha."

Papo hapo kichwa changu kikaanza kazi yake: wivu, wasichana wa ofisini, mke wa mkubwa wao. Upesi uleule niliomhukumia fundi viatu. Nikajizuia. Nilichokuwa nacho mkononi ni fundo, basi.

"Wakati ule nani mwingine alilijua? Wenzako kazini?"

"Sikumfundisha mtu mpaka wewe."

"Ulishawahi kumuuliza mama?"

Akageukia mlango wa jikoni. Kisu cha vitunguu kilikuwa kimeacha kukata.

"Miaka arobaini nalala upande wa mlangoni, tayari kukimbia, mwanangu," akanong'ona. "Punguza sauti."