Gemu ya Chiriku

Mwalimu wa nidhamu wanafunzi walimwita Kipenga, kwa ajili ya kipenga cha bati kilichoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Alifundisha hisabati, mashati yake yalinyooshwa pasi mpaka kwenye vifungo, na hakuna mtu pale shuleni aliyewahi kumwona amechelewa.

Siku aliyomkamata Chiriku hakuhitaji hata kuinua sauti. Alikuwa anaandika ubaoni, darasa likanyamaza kupita kiasi, na yeye alijua tofauti kati ya ukimya wa watoto wanaofikiri na ukimya wa watoto wanaomtazama mwenzao. Akageuka. Msichana wa dawati la dirishani, yule ambaye mdomo wake haukupumzika hata akila, ndiyo maana nyumbani na shuleni wakamwita Chiriku, alikuwa ameyainamia magoti yake.

"Lete," Kipenga alisema.

Akaleta. Kilikuwa kifaa cha gemu cha kushika mikononi, kona moja imebanduka, mgongoni kimebandikwa stika za nyota zilizoanza kufifia.

"Mwalimu, ni cha kaka. Yuko mbali kikazi, aliniachia nimtunzie. Naomba nikiweke kwenye begi, sikitoi tena."

"Mama yako atakuja kukichukua shule ikifungwa."

Kesho yake mstarini alikinyanyua juu shule nzima ikione. "Huyu ni mwizi," alisema. "Wezi wengine mnawakimbiza. Huyu mnamkumbatia kwa mikono miwili huku anawaibia akili." Watoto wakacheka, walimu nao wakatabasamu. Chiriku alikuwa mstari wa mbele, anatazama viatu vyake. Kipenga aliipenda ile sentensi yake, na jioni akairudia kwa mkewe mezani neno kwa neno.

Kifaa kingelala kwenye kabati la ofisini mpaka mwisho wa muhula, lakini kufuli la kabati liliharibika, naye akaona si busara kuacha mali ya mtu mahali pa wazi. Akakitia mkobani, akaenda nacho nyumbani. Nia ilikuwa hiyo tu. Mkewe, muuguzi, alikuwa zamu ya mchana wiki ile. Kitindamimba wao alikuwa amekwenda chuo, na nyumba ilikuwa imetulia mno, ukiweka kikombe mezani unakisikia. Kipenga akakichomeka kwenye chaji, ili ahakikishe kwamba hakijafia mikononi mwake. Kikawaka.

Alitarajia bunduki. Alikuwa amezisema bunduki za gemu mara nyingi mbele ya wazazi. Badala yake aliona nyasi za zambarau zikiyumba, mbingu yenye miezi miwili, na chombo kidogo cha anga kimeegeshwa kando ya mto. Hapakuwa na adui wala saa inayohesabu, na hakuna aliyemwambia afanye nini. Akabonyeza hapa na pale kama mtu anayepapasa swichi gizani, mara chombo kikanyanyuka. Nyasi zikawa zulia, mto ukawa uzi, kisha weusi na nyota, na kila nyota, aligundua, ilikuwa mahali unapoweza kwenda.

Mkewe aliporudi alimkuta amekaa palepale, viatu miguuni, chai imeganda utando.

"Unasahihisha nini bila taa?" akamuuliza.

"Nilisinzia," Kipenga akasema, na kile kifaa kikawa tayari kiko chini ya mto wa kochi. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mkewe baada ya muda mrefu, na ulitoka laini kama siagi.

Kufuli la kabati lilitengenezwa wiki ileile. Kifaa hakikurudi.

Alijiambia anamchunguza adui. Mganga lazima aujue ugonjwa. Lakini mganga gani anayejifungia choo cha walimu wakati wa mapumziko, akikaa juu ya kifuniko, sauti amezima, anatafuta sayari yenye mvua? Madaftari ya wanafunzi yalirundikana. Alipoulizwa alisema macho yanamsumbua, na mwalimu wa sayansi, mtu mwema, akamletea dawa ya matone. Kipenga akaipokea na kushukuru. Kila asubuhi alisimama mlangoni akipekua mabegi ya watoto, na masikio yake yakiwaka moto chini ya kofia.

Kwa nini hakuacha? Kwa sababu kule hakuwa mkali. Kule aliokota mbegu, akazipanda, zikaota majani yanayong'aa, na hakuna aliyesimama wima alipopita. Alipata sayari ndogo isiyo na jina, gemu ikamwomba aipe moja, akaandika: Shamba la Mwalimu. Akataka kulijengea banda la kioo. Kwa banda alihitaji shaba nyingi, na shaba ilikuwa kazi kuichimba.

Jumamosi moja akizunguka na chombo, alitua kwenye sayari ya mchanga mweupe, akaiona nyumba. Ilikuwa juu ya kilima, mlango umekaa upande kidogo, taa zimepangwa kuanzia chini mpaka kizingitini kama mtu alitaka mgeni asijikwae. Ndani mlikuwa na viti viwili vimeelekezwa dirishani, basi. Aliisogelea na kifaa chake cha kuchimbia, na gemu ikamwonyesha angepata nini akiibomoa: shaba, tele.

Angeweza kusema alidhani ni nyumba iliyowekwa na waliotengeneza gemu, gofu la mapambo. Angeweza, kama juu ya mlango pasingekuwa na kibao. Kibao kiliandikwa kwa Kiswahili: *Karibu nyumbani, Chiriku. Usinisubiri kula.*

Alikisoma. Akakisoma tena. Akajisemea moyoni, ni mchezo tu, atajenga nyingine. Kisha akabonyeza, na kuta zikayeyuka moja baada ya nyingine kwa mlio mdogo mtamu, wa kupendeza masikioni. Viti aliviacha mwisho. Navyo akavichukua.

Jioni hiyo alikaa kwenye banda lake la kioo na hakuona raha. Alijaribu kuirudisha ile nyumba akashindwa. Gemu ilikuwa inajihifadhi yenyewe, kila alichofanya kimekwisha kuandikwa. Akazima, akakifunga kifaa katika gazeti, akakirudisha kabatini. Muhula ulikuwa ukingoni na yeye aliomba Mungu mama mtu asahau.

Mama hakusahau. Alikuwa msusi, mwanamke wa vidole vyepesi na maneno mepesi, akaja na binti yake siku ya kufunga shule. Waliketi katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kipenga akakitoa kifaa kabatini kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

"Washa tuone kama ni kizima," mama akamwambia binti. "Kaka yako asije akatulaumu."

"Kitakuwa kimeisha chaji, mama," Chiriku akasema. "Muhula mzima."

Akabonyeza. Kikawaka papo hapo, betri imejaa. Kipenga akatazama dirishani. Hakuiona skrini, lakini alijua iko wapi: ndani ya banda la kioo, katikati ya majani yanayong'aa, jina la sayari limeandikwa juu kwa herufi kubwa.

Vidole vya Chiriku vilisogea, haraka, kama anayejua njia. Kipenga alisikia chombo kikiruka, kikitua. Kisha hakusikia tena.

"Vipi?" mwalimu mkuu akauliza.

Msichana akainua macho, akamtazama Kipenga. Hakuwa na hasira machoni, na hilo ndilo alilolikumbuka baadaye. Alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama jibu ambalo halilingani na hesabu, akijaribu kuona kosa liko wapi.

"Ni kizima," Chiriku akasema, akazima. "Twende, mama."

"Ahsante kwa kututunzia, mwalimu," mama akasema.

"Ni wajibu wetu," akajibu mwalimu mkuu.

Nyumbani hakula. Mkewe alimtazama akiuzungusha mkono wake kwenye sahani, akasema, "Ama umeugua ama umeua. Nikuwekee kipimajoto au nikuitie polisi?"

Akamwambia. Alianza na kufuli, akapita chooni, akafika kwenye nyumba. Mkewe alicheka aliposikia habari za choo, alicheka mpaka akashika ubavu. Alipofika kwenye kibao kicheko kikamwisha.

"Ulikisoma?"

"Nilikisoma."

"Na mtoto akakufichia mbele ya mkuu wako."

"Ndiyo."

"Umemwomba radhi?"

"Nitamwambia nini, mama watoto? Mimi, mtu mzima, nikamwambie mtoto nilivunja nyumba ya kwenye gemu?"

"Mwambie ulivyoniambia mimi," mkewe akasema. "Ila anzia kwenye kibao. Kufuli halimhusu."

Ilimchukua siku kadhaa kuipata miguu ya kwenda. Saluni ya mama Chiriku ilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba, vioo viwili, mashine ya kukaushia nywele ikivuma, na wanawake watatu waliogeuka wote kwa pamoja mwanaume alipoingia. Chiriku alikuwa anafagia nywele. Alimwamkia, akaendelea kufagia.

"Nina neno na binti yako," Kipenga akamwambia mama. "Kama tungetoka nje kidogo."

"Amefanya nini tena?"

"Yeye hajafanya kitu."

"Basi sema hapahapa, mwalimu. Nina kichwa cha mtu mikononi."

Kwa hiyo akasema palepale, amesimama, kofia mkononi, mbele ya vioo vilivyomwonyesha mara mbili. Alisema alichukua gemu iliyokuwa dhamana kwake, akaicheza. Mwanamke mmoja akaguna. Alisema alikuta nyumba akaibomoa. Mwingine akaanza kucheka, akaona uso wa msichana, akanyamaza.

Chiriku alisimamisha ufagio. "Kibao ulikiona?"

"Nilikiona. Nilikisoma."

"Halafu ukavunja."

"Halafu nikavunja."

"Kwa nini?"

Alikuwa amejiandalia jibu njiani, refu, lenye majuto na mafunzo. Halikumjia. "Nilitaka shaba," akasema, na aliposikia neno hilo likitoka mdomoni mwake mbele ya watu, aliona aibu kuliko alivyowahi kuona tangu utoto.

Mama akaachia msuko aliokuwa ameushika. "Mwalimu, nilikuja pale nikakushukuru. Nimekushukuru kwa mdomo wangu."

"Najua. Nisamehe."

Alitaka kuondoka, lakini simu ya mama ikaita juu ya meza, na uso wa kijana ukatokea kwenye kioo chake, ana kofia ya kazi, nyuma yake makontena. Mama akapiga kelele ya furaha, akamwambia asubiri kwani mikono ina mafuta, akampa simu Chiriku na kurudi kwenye kichwa cha mteja na mvumo wa mashine. Chiriku akasogea nayo pembeni, karibu na mlango, ambako Kipenga alikuwa amesimama asijue aweke wapi miguu.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Ile nyumba yetu imebomoka."

"Nyumba gani?" kijana akauliza.

"Ya kwenye gemu. Ile ya kilimani."

Kijana akakunja uso, akafikiri. Alifikiri kwa dhati, mtu mzuri tu aliyechoka. "Ah," akasema, "sikumbuki, mdogo wangu. Tulijenga vitu vingi mle. Jenga nyingine, si iko bure? Hebu niambie, mama anaendeleaje na mgongo?"

Kipenga akainamisha kichwa. Laiti angekuwa amekwisha toka. Akasikia sauti ya msichana ikirudi kuwa ya kawaida, ya Chiriku, maneno yakimiminika kuhusu mgongo wa mama, kuhusu paka wa jirani, kuhusu matokeo. Alizungumza mpaka kaka akaitwa kazini. Kisha akaizima simu, akaishika kifuani kwa muda.

"Usimwambie mama kwamba hakukumbuka," akasema, bila kumtazama.

"Sitasema."

"Anapenda kusema sisi wawili tuko kama pete na kidole."

"Sitasema," Kipenga akarudia. Akataka kuongeza kwamba yeye anaikumbuka nyumba ile, taa zake na mlango wake uliokaa upande, akatambua kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kusema hivyo. Akavaa kofia, akaaga. Hakuna mteja aliyeitikia.

Shule zilipofunguliwa, alimweleza mwalimu mkuu kila kitu isipokuwa habari ya ile simu. Mwalimu mkuu alimsikiliza, akavua miwani, akasema kazi ya nidhamu atampa mtu mwingine, na hisabati aendelee nayo kwa kuwa hesabu hazikukosewa na mtu. Habari zilivuja, kama zinavyovuja siku zote. Wanafunzi walimbadilishia jina wakamwita Rubani, na kila alipopita korido kuna aliyeunguruma kwa mdomo kama injini. Hakugeuka. Aliona ni haki yao.

Chiriku hakuwahi kuunguruma. Darasani alijibu akiulizwa, "ndiyo, mwalimu," "hapana, mwalimu," na maneno yake mengine yote aliwawekea wenzake. Kipenga alimsikia kupitia dirishani wakati wa mapumziko, akicheka na kusimulia bila kituo. Alipoingia darasani na madaftari, kile kicheko kilikatika, na yeye akafungua kitabu na kuanza kufundisha.