Kipande Cheupe cha Trizah

Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka Mau ukaifunika Njoro, na baridi ilikuwa ya kuvaa sweta mbili.

Trizah Nasimiyu, mwanafunzi wa chuo kikuu, hakuisikia. Siku hiyo mtahini wake, Daktari Achola, angekagua kipande cha paja la mbuzi ambacho Trizah alikuwa amekiosha kwa sabuni ya maabara mpaka seli zote zikatoka. Kilibaki cheupe, kama nyumba ambayo wapangaji wamehama na kuta zimesimama. Humo zingepandwa seli za mgonjwa, zimwoteshee misuli mipya. Bila kipande hicho hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna kuhitimu.

Lakini mkuu wa idara, Profesa Ephantus, alikuwa amemwalika diwani Maxwel kwenye sherehe ya utafiti huo, katika hema nje ya maabara. "Mheshimiwa hawezi kuingia maabara, kunanuka dawa," alisema. "Leta hicho kitu hemani." Kikawekwa kwenye sinia, meza kuu, kando ya mbuzi choma, ili picha zitoke vizuri.

Mchungaji Jamleck aliombwa auombee utafiti. Aliiona meza, akafumba macho, na ulimi ukafuata njia uliyoizoea. "Baba, bariki nyama hii na mikono iliyoiandaa."

"Amina!"

Kwetu, nyama ikishaombewa, mgeni wa heshima ndiye huonja kwanza. Diwani akachukua kipande cheupe kilichotengwa, maana kilichotengwa ni cha mkubwa.

"Mheshimiwa, hapana!" Trizah alipiga kelele.

"Ngoja nimeze, madam." Alitafuna kwa bidii. "Ni laini, lakini mpishi amesahau chumvi."

"Hiyo ni digrii yangu!"

Profesa alipiga makofi kumfurahisha mgeni wake, na hema zima likamfuata. Daktari Achola hakupiga. "Sabuni ilisuuzwa, mheshimiwa, hutakufa. Lakini mimi siwezi kutahini tumbo lako."

Trizah akalia mbele ya wote. Mchungaji alimshika bega. "Binti yangu, Bwana alitoa, Bwana ametwaa."

"Huyu si Bwana, Mchungaji. Ni diwani." Achola alimjibu, kisha akageuka. "Trizah, ukipata nyama nyingine leo, mtihani nitausogeza mbele uioshe upya."

Macho yote yakamwendea Maxwel. Alipangusa mdomo, akashika maikrofoni. "Watu wangu, nitawaletea lami—"

"Mbuzi!" hema lilimjibu.

"Sawa, sawa. Mbele ya Mchungaji na nyinyi nyote: mbuzi wa Trizah atafika kabla jua halijazama. Na siku ya mtihani, mimi Maxwel nitakuja nikiwa nimekula nyumbani."