Chaza wa Shemeji Lusweti

Lusweti alikuwa amefika Mombasa mara moja tu, kwa semina ya ofisi yao, lakini tangu arudi Kakamega alikuwa mtu wa pwani. Akiingia kibandani kwa mama mmoja aliyemjua tangu akiwa mtoto Malava, alikuwa anasema, "Yakhe, nipatie chai." Yule mama alikuwa akimwangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyevaa viatu.

Huyu ndiye aliyetaka kumwoa rafiki yetu Roda. Au niseme Roda ndiye aliyetaka kuolewa naye, kwa maana babake Roda alikuwa ameshavaa koti akamngoja mgeni mara mbili, na mgeni hakuonekana. Siku moja kisingizio kilikuwa gari. Siku nyingine ilikuwa mkubwa wake kazini. Sasa Lusweti alisema kwamba kabla hajaenda kwa wakwe, anataka kwanza kuwaona marafiki wa Roda, kwa sababu mtu anajulikana kwa watu anaotembea nao. Tukiwa watu wa kufaa, angeenda Jumamosi. Tukimwaibisha, basi.

Kwa hivyo ilikuwa safari ya siku moja ya kwenda kula chaza, lakini sote tulijua ni mtihani.

"Hiyo chaza ni nini?" Nekesa aliuliza. Nekesa anauza mitumba sokoni, ameokoka, na sauti yake haijui kunong'ona.

"Ni mnyama wa baharini," Roda alisema. "Anakaa ndani ya ganda. Wanaletwa kwa ndege mpaka Kisumu, wakiwa kwa barafu."

"Ndege? Mimi sijapanda ndege, na mnyama amepanda?"

"Ndiyo maneno kama hayo sitaki huko." Kisha akatupa masharti. Tusiulize ugali. Nekesa asicheke na mdomo wote. Awinja, ambaye ulimi wake ni wembe, asiongee kabisa akiweza. Mimi hakunipa sharti, kwa maana kila mtu anajua siongeanga.

Lusweti alitubeba kwa gari hadi hoteli mpya iliyo ukingoni mwa msitu, mbele kidogo ya Isecheno. Tuliketi kwenye nyasi, chini ya mwavuli mkubwa. Alikuwa amevaa miwani ya jua, na mahali penyewe palikuwa na kivuli hata cha kugawia majirani.

"Warembo, karibuni," alisema. "Sisi watu wa pwani hatuli kwa haraka."

Msichana wa hoteli aliyeitwa Chemutai alileta sinia lililojaa barafu. Juu ya barafu palikuwa na makombe ya chaza, mabaya kama mawe yaliyotolewa mtoni, kila moja limefunguliwa. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu, chenye maji, ambacho kila mama aliyelea mtoto mwenye mafua anakijua.

Nekesa alifumba macho, akaanza kuombea chakula. Alikuwa amefika pale pa kubariki mikono iliyokitayarisha, Lusweti akakamulia ndimu juu ya chaza mmoja.

"Yesu! Imejikunja!" Nekesa alikuwa amefumbua jicho moja.

"Lazima ajikunje. Bado wako hai. Huo ndio utamu wake."

"Basi naomba maombi yangu yarudishwe. Sasa ninaombea chakula ama ninaombea mgonjwa?"

Roda alimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini Awinja naye alikuwa amevumilia vya kutosha.

"Si ni rahisi? Shemeji, chinja. Sisi wanawake hatuchinjangi, na mwanaume yuko."

"Hawachinjwi," Lusweti alisema. "Unamimina mdomoni, unameza."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai."

"Na akifika huko chini, nani anamwambia amekufa?"

Niliuma midomo. Roda alikuwa anaangalia nyasi kama mtu aliyepoteza hereni.

"Sawa," Nekesa alisema, akakunja mikono. "Tutakula. Onja, shemeji."

"Nani, mimi?"

"Si wewe ndiye umetuita?"

Kwetu mtu akikukaribisha, awe amekupikia kuku, ingokho wetu, au amekupimia pombe ya busaa, anaonja yeye kwanza ukimwona. Si njaa. Ni njia yake ya kusema kwamba hakuna ubaya katika chakula hiki, na kama upo, uanze na mimi. Hata maskini ambaye ana mboga tu huchovya tonge lake mbele yako kabla hujanyoosha mkono. Asipoonja, hutasikia mtu akigomba. Wageni wanakumbuka tu kwamba waliacha mgonjwa nyumbani, wanaondoka.

"Hayo ni mambo ya kijijini," Lusweti alisema. "Pwani, mgeni ndiye huanza."

"Pwani ni mbali, shemeji," Awinja alisema. "Hapa ni Isecheno."

Lusweti alichukua kombe. Alilishika vizuri sana, kidole cha mwisho kimenyooka. Alilipeleka mpaka mdomoni. Likafika puani, likarudi chini. Alisema linahitaji ndimu, na ndimu ilikuwa inaogelea humo. Alisema linahitaji pilipili. Pilipili ikaja. Halafu akapigiwa simu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia ikilia, akaongea nayo kwa muda, akilipa mgongo lile sinia.

"Dada," Awinja alimuuliza Chemutai, "wewe umekula hii?"

"Mimi huletanga tu," Chemutai alijibu, akarudi nyuma hatua kidogo.

Simu iliisha. Awinja hakumwachilia. "Shemeji, huko Mombasa ulikula wangapi?"

"Wengi."

"Haki ya Mungu?"

"Tulionyeshwa wengi."

Nekesa alicheka na mdomo wote. Ndege waliokuwa juu ya mti waliondoka.

Lusweti alivua miwani. Paji la uso lilikuwa limelowa. Alimgeukia Roda, akatabasamu kwa ajili yetu, kisha akamwinamia. "Anza wewe. Waonyeshe ustaarabu." Na kwa sauti ya chini, ambayo sote tuliisikia, akaongeza: "Kama unataka Jumamosi ifike."

Hapo kicheko cha Nekesa kilikatika.

Roda alichukua kombe. Maji yake yalimwagika kwa rinda lake.

"Roda, wacha," Nekesa alisema.

Hakuacha. Lakini pia hakumeza. Alimwangalia Lusweti, akangoja, kama mtu aliyeshikilia mlango ili mwenzake apite. Lusweti hakuona mlango wowote. Alikuwa anaangalia mdomo wa Roda, vile mtu anavyomwangalia mwenzake akitangulia kwenye daraja la mti uliooza.

Roda akamimina. Akameza. Akafumba macho.

Nekesa alimshika mkono pale wanapopimanga mshipa. Tulingoja.

"Ni tamu," Roda alisema.

"Usitufiche, mama. Kama unakufa sema."

"Kweli, ni tamu." Alichukua mwingine. Kwa huyo hakufumba macho. Awinja alijaribu, akatema kwa karatasi. Mimi nilimeza mmoja. Alikuwa na ladha ya jasho la mtu msafi. Nekesa alikula ndimu.

Lusweti alipoona hakuna aliyeanguka, alisugua mikono akacheka. "Si niliwaambia? Sasa mmekuwa watu. Roda, umepita. Jumamosi nakuja kumwona mzee." Akanyoosha mkono achukue kombe.

Roda alivuta sinia upande wake, polepole, bila hasira.

"Usije," alisema.

"Nini?"

"Ukija kwetu, baba ataonja, halafu wewe utakula ushibe. Lakini mimi nikija kwako sitakuja kwa siku moja. Nitakaa huko. Na kila kitu kibaya kikiingia hiyo nyumba, utaniambia, anza wewe."

Lusweti alituangalia mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye. Alifika mpaka kwangu. Mimi huwa naangalia chini mtu akiniangalia. Siku hiyo sikuangalia chini.

"Unaniacha kwa sababu ya chakula?"

"Chakula ni kizuri," Roda alisema, akachukua mwingine.

Basi Lusweti akamwita Chemutai, akaagiza chipsi na kuku, na kuku aive sana. Sahani ilipofika, hiyo aliionja yeye kwanza.

Roda alifuta vidole, akatoa simu. Babake ni mzee anayeamini kwamba simu haifikishi sauti usipopiga kelele, kwa hivyo tulisikia yote.

"Baba, Jumamosi enda tu ukapalilie miwa. Huyo mgeni haji."

"Haji? Amekufa?"

Roda aliangalia ng'ambo ya meza.

"Hapana, baba. Anakula chipsi."