Taa ya Dari Haijibu

Tomke alipozungusha ufunguo, gari lilitoa mlio mmoja mkavu, likanyamaza. Juu ya kichwa chake taa ya dari iliwaka kwa unyonge, kama ilivyowaka usiku kucha. Betri imelala tena. Uwanjani, wauguzi wenzake wa majumbani walikuwa wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari meupe ya kampuni. Wiebke alimsogelea na nyaya za kuazimia umeme.

"Moin," alisalimu kwa salamu ya huko. "Nikuwashie?"

"Asante. Fundi yuko njiani kulivuta."

"Ehe. Siku hizi baridi imekuingia mpaka rohoni, wewe," alisema Wiebke, akaondoka.

Majuma machache nyuma wangecheka pamoja. Lakini meneja, Bwana Reinders, alikuwa amemwita Tomke ofisini na kumwambia kwamba anapitiliza muda kwa mgonjwa wake Bibi Harms, na kwamba likisikika tena, mkataba wake unaokwisha mwisho wa mwezi hautaongezwa. Alijuaje? Kwenye simu ya kazi Tomke alibonyeza kila mara kwamba amemaliza kwa wakati. Kisha alikaa, kwa sababu Bibi Harms, asiyeweza tena kujivalisha soksi, bado aliweza kumimina chai juu ya sukari ya mawe na kudondosha krimu bila kukoroga. Na ni nani huku Ostfriesland, kaskazini mwa Ujerumani, anayeinuka kabla ya kikombe cha tatu asionekane amemtukana mwenye nyumba? Muda huo Tomke aliufidia kwa kuacha chakula chake cha mchana. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu: Wiebke.

Katika gereji, fundi Onno Focken alichomeka kompyuta yake ya kupimia chini ya usukani.

"Inasema taa ya dari haijibu."

"Haimjibu nani?"

"Kompyuta ya gari. Inaitwa, iko kimya. Ndiyo maana haipati amri ya kuzima." Aliufuta msimbo wa hitilafu, akafunga mlango. Msimbo ukarudi.

Tomke alimkazia macho. "Au unataka kutuuzia taa mpya?"

"Dada yangu, gari si lako na taa si yangu. Nikuuzie nini?"

Aliichomoa taa, akagusa waya mwembamba kwa kipimo. "Huu ndio waya wa mazungumzo. Umeme wake unapaswa kupanda na kushuka, kama watu wanaopokezana maneno. Tazama, umeganda juu. Na taa nimekwisha kuichomoa! Kwa hiyo taa haina kosa. Kuna kitu kimeubana huko ndani ya dari."

Ilibidi mwenye gari aombwe ruhusa. Sauti ya Bwana Reinders ilitoka simuni ikisikika gereji nzima.

"Futa huo msimbo, weka betri mpya, lirudishe. Dari usiiguse."

"Utarudi kabla gari halijafika kona."

"Nimesema dari usiiguse." Simu ikakatwa.

Onno alikuna kidevu. "Mtu anayekataza dari isiguswe anajua kilichomo."

"Fungua."

"Mteja ni yeye. Magari yao yote yanakuja kwangu."

"Anayekaa chini ya dari hiyo ni mimi, Onno."

Onno aliweka kibanzi cha plastiki juu ya kiti. "Mimi naenda kunawa mikono," alisema. Alipofika mlangoni aliongeza, bila kugeuka, "Anzia kulia, la sivyo utavunja."

Kitambaa cha dari kiliachia. Ndani kulikuwa na kikasha cheusi kilichofungwa kwa utepe, chenye laini ya simu ubavuni. Onno, mikono ikiwa mikavu kabisa, alirudi akachungulia.

"Aliyekifunga alikuwa na haraka. Kibanio kimeuma nyaya mbili badala ya mmoja: ule wa umeme na ule wa mazungumzo."

"Kinafanya nini?"

"Kinasema gari liko wapi, na limesimama hapo kwa muda gani."

Tomke aliketi kwenye kizingiti cha gari. Aliyakumbuka majuma yote aliyompita Wiebke bila salamu.

Onno alizitenganisha nyaya. Taa ikajibu, kisha ikazimika kama inavyopasa. "Niirudishe dari?"

"Iache hivyo hivyo."

Tomke alirudi kazini kikasha kikining'inia mbele ya uso wake. Wiebke alikuwa ameegesha tu.

"Njoo uone," Tomke alimwita. "Hiki ndicho kilichokuwa kikimpelekea meneja habari za kwa Bibi Harms."

Wiebke aliinamisha kichwa ndani, akakitazama. Kisha akamtazama Tomke, kwa muda mrefu zaidi.

"Kumbe ulidhani ni mimi."

"Ndiyo."

"Mimi, Tomke?"

"Ndiyo."

Bwana Reinders alitokea mlangoni bila koti. "Tomke! Ofisini, sasa hivi!"

Wiebke alikwenda kwenye gari lake mwenyewe, akapiga goti kitini, akaingiza ufunguo wa nyumba yake ukingoni mwa taa ya dari na kusukuma. Plastiki ikalia.

"Hiyo ni mali ya kampuni!" alifoka meneja. "Tomke, nimekuita!"

Tomke alisikia. Alikwenda kusimama kando ya Wiebke, akaushika mlango wa gari usije ukafungwa na upepo.