Watoto wa Fumaça

Alhamisi asubuhi Bi Zulmira, fundi cherehani wa mji mdogo wa Pedra Mansa katika jimbo la Minas Gerais, alimlaza mbwa wake Fumaça kwenye meza ya daktari wa mifugo, akampapasa tumbo kwa vidole vilivyozoea kutafuta pini kwenye kitambaa.

"Hapa pana kitu kama punje ya mahindi. Na hapa, kama limau."

Daktari Iracema alipapasa pia. "Sindano ya kuzuia joto, asishike mimba, ulimchoma mara ngapi?"

"Mbili kwa mwaka, miaka saba. Valdomiro alisema haina madhara."

"Valdomiro anauza mbegu za nyasi."

"Na sindano."

"Ndiyo," alisema daktari. "Na sindano."

Daktari alieleza kwamba angeondoa vile vivimbe na ovari, kisha ampe Fumaça homoni ya estrojeni kwa wiki kadhaa. Wapo watafiti walioona kwamba inaweza kuwasaidia baadhi ya mbwa.

"Homoni ya sindano imemtia saratani, halafu homoni imtoe? Daktari, mimi si mtoto."

"Si homoni ile, wala wakati ule. Na sikuahidi kitu, Bi Zulmira."

Bi Zulmira alikubali. Mara zote kumi na nne ni yeye aliyemshika Fumaça shingo asifurukute.

Baada ya upasuaji na dozi ya tatu ya estrojeni, wakati wa kahawa ya asubuhi, watoto wa mbwa hamsini na sita waliingia uani. Walikuja kwa mafungu ya wanne wanne, wa joto la kwanza mbele. Wote walikuwa na sikio la kijivu la mama yao. Walimnusa Fumaça, wakakuta nyuzi mahali pa chuchu, wakakaa chini kwa adabu.

Bi Zulmira alimpigia daktari simu. "Wale niliowazuia wamekuja."

"Wamechanjwa?" aliuliza Iracema.

Kabla hajajibu, watoto walishaondoka kuelekea dukani kwa Valdomiro. Tangu Jumatatu shati la Valdomiro lilikuwa likilowa kifuani, naye akilaumu unyevunyevu. Alipowaona alifungua vifungo, akaketi kati ya mizani na magunia, akanyonyesha wawili wawili. Wateja walisubiri zamu yao.

"Wananenepa, bwana," mmoja alimsifu. "Unakula nini?"

"Mahindi tu," alisema Valdomiro.

Bi Zulmira alifika na picha ya vivimbe vya Fumaça, akaipiga kwenye kaunta. "Haya ndiyo matunda ya sindano zako!"

"Taratibu, mama, utawakatishia maziwa. Mji mzima huu, nani mwingine anawanyonyesha? Wewe?"

Watu walicheka. Mwezi uliofuata baraza la mji lilimpa Valdomiro cheti cha kuwahurumia wanyama. Bi Zulmira aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa SINDANO HII HULETA SARATANI, akaibandika mlangoni pa duka. Valdomiro aliibandua kwa uangalifu, akaitandika chini ya watoto, kwa kuwa karatasi ilikuwa nzito na ilinyonya vizuri.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, mapafu ya Fumaça yalikuwa bado safi, saratani haikuwa imefika huko. Bi Zulmira aliuliza kama ni estrojeni. Daktari aliandika "huenda" kwenye kadi, akalipigia neno hilo mstari. Bi Zulmira alilia kidogo, kisha akaenda kumnunulia Fumaça chakula. Duka lilikuwa lile lile. Mjini hapakuwa na lingine.

Mbele yake alisimama msichana aliyepakata mbwa jike mdogo. "Nataka ile ya kuzuia joto."

"Usinunue, mwanangu," alisema Bi Zulmira. "Ilimtia mbwa wangu saratani."

Msichana alitazama wale hamsini na sita waliojaa dukani, bado wachanga vile vile. "Pole, mama. Lakini wote hawa mimi nitawaweka wapi?"

Sindano zilikuwa kwenye rafu ya juu, na Valdomiro alikuwa na mtoto kifuani. Alitazama huku na huku, akamnyooshea Bi Zulmira yule mtoto.

"Hebu nishikie kidogo."

Bi Zulmira akampokea.