Sarafu ya Dubu

Wifi yangu anayeishi ng'ambo aliniletea zawadi: sarafu ya fedha ndani ya kikasha cha mahameli. Upande mmoja ina nembo ya nchi yetu, upande wa pili dubu wa theluji. Dubu! Sisi hata barafu tunainunua.

Nikaipeleka dukani. Mwenye duka tunamwita Chenji Hakuna, maana siku zote anakurudishia peremende, nami huzitupia tu mkobani. Akaigeuzageuza, akacheka.

"Dada, hii si pesa."

Damu ikanichemka. Nikaenda moja kwa moja benki.

"Ni yetu kweli, mama," akasema keshia. "Ila hizi zinatengenezwa kuuzwa nje, kwa watu wanaokusanya sarafu. Hapa hazitumiki."

"Na za kutumika hapa ziko wapi?"

"Zimeadimika. Kutengeneza sarafu ni gharama."

"Gharama! Kwa hiyo wageni wapewe fedha inayong'aa, sisi tumung'unye peremende?"

Nikafungua mkoba, nikazimwaga peremende zote juu ya kaunta.

"Hii ndiyo chenji yangu ya mwezi huu. Niwekee kwenye akaunti."